Vibendera vya Njiti

Leteni kile kiroba cha chini ya cherehani, nikawaambia,
si hicho cha mkaa, Mbonea, kile chenye mdomo wa kamba.
Wakakiburuta wanne, wakakimwaga sakafuni,
na Pasua yote ikatoka humo,
mtaa wenye jina la kazi yangu:
bluu ya sare za shule, ncha ya kitenge cha harusi ya Aikande,
satini ya kipaimara, zambarau ya kwaya,
na kipande cha shuka la hospitali
ambacho sikumbuki kilifikaje kwangu.

Kiolezo tulikikata kwenye katoni ya sabuni.
Pembe tatu, nikasema.
Nakijwa akasema, kama sambusa.
Basi ikawa sambusa tangu hapo:
sambusa ya njano, sambusa ya maua,
na sambusa iliyoungua, ndiyo ile nyeusi,
hakuna aliyetaka kuikata, nikaikata mimi.

Mkasi mkubwa simpi mtoto.
Wakagombea ule mdogo wa kukatia nyuzi,
ulimi nje, jicho moja limefumbwa,
wakitafuna kitambaa zaidi ya kukikata.

Mtoto mwenyewe ana ukubwa gani? akauliza Ebeneza.
Alizaliwa na kilo moja na robo.
Akawaza, macho yako dukani.
Hiyo ni sukari, akasema.
Ni sukari, nikamjibu, ila inapumua.

Mara ya kwanza tulianza mwezi wa tano.
Sikuwaeleza kwa nini niliwaambia waache.
Simu ilikuja usiku kutoka KCMC,
na kabla hapajakucha nikafumua pindo moja moja,
nikavirudisha vipande kirobani
kama mwizi aliyeghairi.
Sisi watu wazima tuna maneno yetu:
mgeni hapigiwi vigelegele akiwa njiani.
Watoto hawakuuliza.
Walihamisha tu mpira wao,
wasiupige tena karibu na mlango wa Nsia.

Sasa ni Julai. Mawingu yamelalia mabati,
mlima haujatoka wiki nzima, wala hatukuutafuta.
Nikakanyaga cherehani, wao wakinipasia:
njano, bluu, maua, bluu, bluu,
nani anapanga? hakuna anayepanga,
mguu wangu ukafuata mwendo wa mikono yao.
Ebeneza alishona kimoja kwa mkono, ncha juu,
kikawa kinapanda wenzake wakishuka.
Nilitaka kukigeuza.
Nikakiacha.

Kisha kamba ya katani ikatusaliti.
Ilitoka msumari wa dirisha langu, ikapita mparachichi,
ikaishia hewani, hatua sita kabla ya kwa Nsia.
Vitambaa vimekwisha, Kiboriloni mbali,
na bajaji, wanasema, imeshatoka getini hospitali.
Nakijwa akaifungua kamba ya nguo ukutani
pamoja na vibanio vyake,
pamoja na kaptula ya Mbonea, bado mbichi makalioni,
akapiga fundo, akavuta.
Mbonea alilalamika.
Hapakuwa na mtu wa kumsikiliza.

Nsia aliingia polepole, khanga imevimba kifuani,
siku hamsini na tatu ngozi kwa ngozi,
hatukuona mtoto, tuliona kofia ya sufi tu,
ndogo, ungedhani ni ya chupa.
Akapita chini ya satini, chini ya kwaya,
chini ya kile kilichoungua,
akafika chini ya kaptula, akasimama,
tone likamwangukia begani.
Akacheka. Sauti yenyewe nilikuwa nimeisahau.

Mdomo wangu ulishafunguka, koo tayari,
Nakijwa akaweka kidole midomoni: amelala!
Basi tukapiga vigelegele vya kunong'ona,
mimi na watoto wanne,
ndimi zikicheza bila sauti
kama vitambaa vile.

Kesho yake nikamwita Mbonea nimteremshie nguo yake.
Iache, akasema, itapungua moja.
Jumapili nzima akashinda na kaptula ya shule,
hata kanisani.