Mzunguko Ambao Sikuuona

Wanasema mbio za sakafuni huishia ukingoni.
Waliosema hawakufika Terramar,
ambako ukingo wenyewe ndio njia:
zege limepinda kwenda juu kama ubavu wa bakuli,
limepasuka, limeota shamari na miiba,
na dereva asiyepanda ukutani
hushindwa na mtu wa baiskeli.

Saa tatu kasoro robo asubuhi, mwezi wa Mei.
Dada yangu Queralt, miaka sitini na minane,
anavuta glavu kwa meno.
Gari ni la babu yetu, Eudald Casamitjana,
la mwaka wa ishirini na saba, karne iliyopita,
silinda nne, halina paa, halina kioo, halina haya;
likiamka linakohoa moshi wa buluu
kisha linatukana mpaka kondoo wa jirani wainue vichwa.

Babu alitaka saa moja tu.
Saa moja ya kuzunguka bila kusimama,
mizunguko sabini na mitano,
aipite sabini na minne ya fundi mmoja wa Torino.
Dakika ya hamsini na moja bomba la mafuta likakatika.
Alirudi nyumbani kwa miguu, kofia mkononi,
na gari likalala miaka tisini na ushei
chini ya magunia ya lozi.

Kazi yangu ni penseli.
Kila akipita, mstari mmoja. Minne wima, wa tano ukiikata.
Kando yangu ameketi Bwana Ponç wa shirikisho
na karatasi yake, na penseli iliyochongwa vizuri kuliko yangu.
Kanuni ni fupi: karatasi zikigombana,
iliyo ndogo ndiyo inayosema.

Basi akaanza.
Sitaeleza kasi. Kasi haionekani, huonekana vituko vyake:
shati langu likigeukia upande,
harufu ya mafuta ya mbarika yaliyoungua,
kijiko kikitembea chenyewe juu ya meza.
Sekunde arobaini na nane, huyu hapa;
sekunde arobaini na nane, huyo kaenda.
Ishirini. Thelathini na moja.
Kwenye wa arobaini injini ilipiga kwikwi moja,
Ponç akaacha kutafuna,
kisha sauti ikajishona tena.

Mahali fulani baada ya sitini
kwale alitoka kwenye shamari,
upande wa mashariki, chini kabisa ya ukuta,
na nyuma yake vifaranga, pamba zenye miguu.
Akasimama. Akaangalia kushoto kama mtu wa mjini.
Nami nikasahau kuwa nina mkono.

Saa ilipokwisha Ponç alihesabu: sabini na mitano.
Nami nilihesabu mara tatu: sabini na minne.
Alinitazama kwa muda. Akavua miwani,
akanigeuzia mgongo, akaanza kuifuta kwa ncha ya tai,
taratibu,
akaifuta kuliko miwani yoyote inavyohitaji kufutwa.
Penseli ilikuwa mkononi mwangu.
Mstari mmoja. Haufiki hata urefu wa ukucha.

Niliiweka mezani, nayo ikabingirika mpaka chini.

Queralt alikuja uso mweusi, duara mbili nyeupe machoni,
bado akitetemeka kwa mdundo wa gari lililokwisha kuzimwa.
"Ngapi?"
Nikamwambia ngapi. Nikamwambia na kwa nini.
Nyuma yake gari lilikuwa likipoa, ti, ti, ti,
kama mtu anayehesabu kwa ulimi.
Uwanja tulikodi siku moja.
Tairi za namna ile hatuna nyingine.
Aliegemea boneti, ikamchoma, akaondoka,
akalegeza kamba ya kidevu.

"Walivuka?"
"Walivuka."
"Wote?"
Nikasema wote, saba.
Hao niliwahesabu.