Ufunguo wa Ubao

Mimi ndiye mwenye ufunguo.
Mdogo, wa shaba, nimeufunga uzi wa kiroba.
Unafungua kioo cha ubao wa chama chetu,
wahasibu wa Lindi, ghorofa ya kwanza,
juu ya duka la salfa na mabomba ya kupulizia.

Kila Jumatatu nabandika kazi.
Mhasibu mkuu, Nachingwea, uzoefu miaka mitano.
Mkaguzi wa ndani, Ruangwa, miaka minane.
Na kila Jumatatu Somoe Mnali,
mwaka wa pili chuoni, kandambili miguuni,
husimama mbele ya kioo akinakili
kazi asizoweza kuomba,
kama mtu asomaye bei za pilau
Ramadhani, saa tisa alasiri.

Siku moja nikamwuliza, unaandika ya nini?
Akasema, "Nataka nijue
hiyo miaka mitano inauzwa wapi."

Nikalipeleka kikaoni:
tubandike na kazi za wanafunzi?
Bwana Likwachala akagonga meza kwa kalamu.
"Ubao huu ni wa wenye vyeti na mihuri.
Leo mwanafunzi, kesho muuza mihogo.
Mtu analipa ada asome vya kwake,
si kupekua pumba akitafuta punje."
Bi Tabia Nangonga akasema, kwa upole,
labda kona ya chini,
karatasi ya rangi nyingine.
Mmoja akauliza soda zimefika wapi.
Tukapiga kura. Kumi na moja kwa tisa.
Kona ikapita.

Karatasi ya kwanza ililetwa kesho yake.
Na nani? Likwachala.
"Wanahitajika wanafunzi wanne, msimu wa minada,
kuandika stakabadhi, ghala la Mtama,
saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku.
Malipo: uzoefu.
Chai itakuwepo."

Nikaisoma mara mbili.
Nikamkumbuka baba, mwaka ule wa njaa,
akiuza korosho zingali maua
kwa kipimo cha bakuli
kwa mtu aliyekuja na unga na tabasamu.
Zilipoiva, tayari zilikuwa na mwenyewe.
Sisi tuliziokota tu,
mafuta ya maganda yakatubabua vidole.
Huku kwetu jina lake ni kangomba,
na serikali imeipiga marufuku.
Ya korosho.

Kikao kizima tulibishana
nani aingie ndani ya kioo.
Hakuna aliyeuliza anaingia kwa bei gani,
hata mimi niliyenyoosha mkono wa kwanza.

Sasa Somoe amesimama, daftari wazi.
Likwachala amesimama, anajipepea kwa bahasha.
Mimi nina ufunguo mkononi
na pini nne mdomoni,
siwezi kutamka neno.

Nikazitema kiganjani.
"Bwana," nikasema, "hapa penye malipo
umesahau tarakimu.
Nawe ni mhasibu."