Mafundo Mawili

Chumba mia nne na saba tulikuwa wasichana sita,
Lanzhou, ng'ambo ya kaskazini ya mto,
na kila muhula chuo kilitudai kilomita sitini
za miguu, si za mdomo,
programu ya simu ikizihesabu moja moja
kama mkopeshaji asiyesahau.

Septemba walitupima.
Foleni ya soksi, viatu mkononi,
nesi akitangaza namba kwa sauti ya dalali.
Peiyao, arobaini na nane: kawaida.
Mimi, hamsini na moja: kawaida,
nami sikuwa nimetia kitu tumboni tangu jana yake.
Yitong alivua saa, akavua na hereni.
Guihong alipanda na koti lake.
Mshale ukatapatapa, ukatulia:
sabini na tisa.
"Umezidi," akaandika kwa wino mwekundu,
na foleni ikacheka kwa pua.

Guihong alikaa kwenye benchi akafunga kamba za viatu,
polepole, mafundo mawili kila kiatu,
kama mtu afungaye mzigo wa safari.

Sasa niseme kilichonileta kwenye karatasi hii.
Sisi wa kawaida hatukukimbia.
Tulilala hadi saa nne. Tulipanda lifti kwenda ghorofa ya pili.
Tulifunga chakula cha jioni
ili tuonje chai ya maziwa bila dhambi.
Oktoba, Guihong aliporudi uwanjani na masikio mekundu,
Yitong alimnyooshea simu:
"Si unakwenda hata hivyo?
Kesho ibebe na yangu."

Kufikia Novemba zilikuwa tano.
Bei: kilomita kumi, bakuli la tambi za nyama ya ng'ombe,
yai likiongezwa siku ya theluji.
Mbili mfuko wa kushoto, mbili wa kulia,
yangu kifuani, ndani ya sweta,
maana betri yangu ilizimika kwa baridi
na mwenye joto alikuwa yeye.

Nilimwona mara moja, dirishani, kabla hakujapambazuka.
Hakuwa na mbio za kupendeza.
Alikimbia kama akandaye unga,
mwili wote ukishuka, mwili wote ukirudi,
pumzi ikitoka nyeupe chini ya taa.
Mzunguko wa tisa. Wa kumi.
Asubuhi hiyo mama yangu alipiga simu,
ikatetemeka kifuani kwa mtoto wa mwenzake.
Guihong akapokea, akihema:
"Yuko uwanjani, mama. Anakimbia."
Mama akafurahi siku nzima.

Mwisho wa muhula matokeo yakabandikwa.
Yitong, cheti cha nidhamu ya mazoezi.
Sisi wengine, tumefaulu.
Guihong, kilomita kumi na mbili.
Simu yake ilikuwa ikibaki mezani:
mifuko imejaa.
Mwalimu akamwita pembeni, akamwambia kwa upole
ajaribu kujipenda, ajaribu hata kutembea.
Tulikuwepo. Tulitazama vidole vya miguu yetu.
Tano sisi, na hakuna hata mmoja
aliyepungukiwa na pumzi ya kusema.

Amehama chumba. Tukikutana kwenye ngazi
hunisalimu vizuri, na hilo ndilo linalonikaba.

Nimehesabu mistari hii: hakuna unaolingana na mwenzake.
Wajuzi watasema nimevunja mizani.
Laiti ningeivunja ile Septemba.

Jana usiku nilishuka kwa ngazi.
Mzunguko mmoja na nusu, nikainama nikitapika mate,
mimi wa kawaida, hamsini na moja.
Mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.
Nikasema ndiyo.
Simu ilikuwa kitandani, ikichaji.
Nikafunga kamba upya, mafundo mawili,
la pili likakataa kukaza,
nikalirudia.