Gramu Mia Tisa na Kumi

Mama ana mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga,
na wiki nzima haikupima unga.
Ilipima soksi. Ilipima sindano na uzi.
Mswaki aliukata mpini kwa msumeno,
akaupima tena, akacheka peke yake: gramu saba!
Ramani akaipunguza kingo, zile pande tusikokwenda.
Sufuria ya titani, nyepesi kama ganda la yai.
"Ukifika miaka sabini na moja," alisema,
"goti ndilo linalosoma mizani."

Kisha usiku, akidhani nimelala,
alitia jiwe chini kabisa ya shanta.

Nalijua. Limezuia mlango wa baraza yetu
kule Norrköping tangu nizaliwe,
la kijivu, lenye mshipa mweupe kiunoni
kama mtu aliyefunga mkanda juu ya tumbo.
Nimelikwaa mara ngapi, nikalitukana.

Siku ya tatu. Sarek haina njia, ina mwelekeo tu.
Maji ya barafu, rangi ya maziwa yaliyoingia majivu.
Mierebi inashika viatu kama watoto wa chekechea.
Tulipojisaidia tulichimba shimo la shubiri moja,
mbali na mto, tukalifukia, tukalirudishia udongo wake na majani yake.
Karatasi tulibeba. Ndiyo, tulibeba.
Mfuko ule hakuna aliyeupima.

Kwenye uzio wa kulungu wa theluji tulimkuta Risten,
msichana wa Kisami, misumari mdomoni, anakaza waya.
Akatazama mashanta yetu, akatania:
"Mizigo mmeisahau wapi?"
Mama akafungua, akamwonyesha jiwe.
Akaitoa misumari kwanza. "Limetoka huku?"
"Kule juu, kwenye upenyo. Mwaka wa sabini na tisa.
Siku hiyo ndiyo nilijua nina huyu,"
akaninyoshea kidole, mimi na mvi zangu.
Risten akalipima kwa kiganja.
"Bibi yangu angekudai kodi," akasema,
akarudia waya wake.

Kumbe mimi na jiwe ni marika.
Tumekaa nyumba moja miaka yote hiyo
na sikuwahi kuliuliza kwao ni wapi.

Nikasema, lete nibebe. Wahenga walinena:
mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Wahenga hawakupanda mlima ule.
Mita mia tatu juu, usufi ukawa ndama,
mita mia tano, ndama akawa ng'ombe.

Mama alilikumbuka shimo lake:
karibu na mwamba ulioinama
kama mtu anayefunga kamba za kiatu.
Mwamba ulikuwapo. Shimo halikuwapo.
Pale pameota kuvumwani, na ua moja jeupe,
dogo kama kifungo cha shati la mtoto.
Mama akasimama, jiwe mikononi,
kama aliyekuja kurudisha sahani ya watu
akakuta wamehama.
"Nikiliweka hapa, nitaua."

Upande wa pili mlima huporomoka kila mwaka,
theluji ikiyeyuka. Mawe juu ya mawe.
Akashuka taratibu, anakanyaga miamba mitupu tu,
akalilaza, mshipa juu.
Upepo ukanifumba macho.
Nilipofumbua, lipi?
Ya kijivu yote. Yenye mikanda, mengi.
Sikumwambia. Naye hakugeuka.

Asubuhi tulikunja hema.
Nyasi tulizozilalia tuliziinua kwa vidole,
kama unavyochana nywele za mgonjwa.
Mama akazunguka mara mbili kutafuta tulichoacha.
Akapata punje moja ya shayiri.
Akaila.

Sasa mlango wa baraza hupigwa na upepo,
pu! katikati ya usiku, tunashtuka sote.
Sakafuni pana duara, mbao zake bado mpya,
hazijaona jua tangu nikiwa mchanga.
Nilinunua rangi nizifanane na nyingine.
Mama ameuficha mkebe.