Fomu Haina Nafasi

"Alilia papo hapo?" anauliza daktari,
kalamu ikingoja juu ya kisanduku.

Hapana. Alikaa kimya kwanza,
rangi yake kama zabibu iliyopitiliza kuiva,
mkunga akamsugua mgongo kwa kanga yangu
mpaka akakohoa, kama mtu mzima aliyepaliwa.
Dakika ngapi?
Saa ya ukutani ilikuwa imesimama.
Andika: nyingi.

Lakini fomu yako imechelewa kuanza, daktari.
Ianze mwezi wa tano wa mimba, kule Mkonze,
siku walipokuja na kopo la rangi nyekundu
wakachora X kwenye ukuta wa chumba
nilimolala nikihesabu mateke yake.

Miezi minne chini ya ile X.
Trekta likinguruma, hata la mtu aendaye kulima,
tumbo lilikaza kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani,
na yeye, mle ndani, aliacha kucheza.
Malugu alisema: usiwaze, mtoto hajui kitu.
Mama mkwe alinipikia mlenda.
Mlenda uliteleza. Hofu ilibaki kooni.

Sasa ana miaka minne.
Mmempa vibao, ajenge mnara.
Amepanga vitatu; upepo ukabamiza dirisha,
na huyo, chini ya meza, viganja masikioni,
Nyemo wangu, jina ambalo kwa Kigogo ni furaha,
mwenye maneno yanayoenea kwenye ganda la karanga:
maji, mbuzi, mama, sitaki.

Nyumba haikubomolewa.
Hilo nalo liandike, kama kuna mahali.
Hawakurudi. X ipo, imechujuka na vumbi,
majirani huanikia nguo juu yake.

Daktari hakuandika.
Alivua koti, akapiga magoti sakafuni,
akaingia chini ya meza na kibao kimoja,
akakaa. Hakukisogeza. Hakuita.
Nilisikia pumzi zao tu, ya mkubwa na ya mdogo,
mpaka nikasahau kuziogopa.
Mkono mdogo ukakichukua.

"Mwili wake uliwahi kujifunza kuogopa," aliniambia baadaye.
"Kingine utajifunza pia. Ila huo hauna haraka,
na wewe usiwe nayo."

Siku hizi trekta likipita hatujifichi.
Namshika, tunasimama mlangoni, moyo wake
unadunda kwenye kiganja changu kama kifaranga.
Trekta, namwambia. Linakwenda kulima. Trekta.

Jana, vumbi lilipotulia, alinitazama mdomoni.
"Teki," akasema.
Nikaenda kupepeta uwele ambao nilikwisha kuupepeta.