Robota

Mimi ni mpima mizani, ghala la tumbaku, Urambo.
Miaka kumi na tisa naita namba,
karani anaandika, mnunuzi anakunja uso.
Nalijua jani lililonyunyiziwa maji usiku
ili asubuhi lipande kilo mbili.
Nalijua na jani lililokauka kwa haki yake
likashushwa daraja
kwa kuwa mkadiriaji kaamka na maumivu ya jino.

Kwa hiyo walipokuja shuleni wale vijana wa utafiti
na mizani yao ya kioo, nyembamba kama sahani,
nilikwenda kuikagua kwanza.
Nikaikanyaga. Sabini na moja. Haikudanganya.

Kisha akapanda Kalunde wangu, miaka kumi na mitano.
Themanini na tatu na nusu.
Hawakuitaja. Waliandika tu,
nami nikashangaa: kumbe namba huweza kuandikwa
bila kutangazwa.

Wakampa karatasi ya maswali.
Huwa unaanza jambo kabla ya kulifikiria?
Ukikasirika, hasira hukaa siku ngapi?
Ukiwa kati ya watu, wewe ni msemaji au mkimya?
Karatasi yangu, ya mzazi, iliuliza hayo hayo
kuhusu mtoto aliyekaa madawati mawili mbele,
kanipa kisogo, anauma kalamu.

Nikatia alama kwenye mkimya.
Hapakuwa na kisanduku cha tangu lini.

Tangu lini, najua.
Msimu wa masoko, ana miaka kumi na mmoja,
kaniletea matobolwa kwenye bakuli lenye mfuniko,
kijasho puani, anamsalimia hadi asiyemjua.
Soko limedoda, wanunuzi wanapiga miayo.
Nikamnyanyua kwa makwapa, nikamweka juu ya mizani.
"Robota! Hamsini na nne! Daraja la kwanza hilo!"
Ghala zima likacheka. Mpaka wapagazi.
Yeye pia alicheka, ndiyo maana sikuona kitu.
Kesho yake chakula kililetwa na mdogo wake, Mihayo.
Na keshokutwa. Na mpaka leo.

Binti wa utafiti, Nyamizi,
alirudi na picha iliyopigwa Mwanza:
ubongo wa mwanangu, umekatwa kwa mwanga,
mikunjo juu ya mikunjo,
kama uyoga wa miomboni mvua zinapoanza.
Akaweka kidole nyuma ya paji la uso.
"Hapa ndipo panapouambia mkono: ngoja.
Kwa vijana wazito, mara nyingine, tunapakuta pamekonda.
Kidogo sana. Na si kwa wote."

Nikamuuliza: uzito ndio unaopakondesha,
au pakikonda ndipo mkono unakosa wa kuuzuia?
Alinyamaza. Nilimheshimu kwa kule kunyamaza.
"Hatujui kipi kilitangulia, baba.
Labda kipo cha tatu, kinavivuta vyote viwili."

Cha tatu.
Nikaiinua picha dirishani kama ninavyoinua jani,
nikatafuta doa, pale ghala lilipochekea.
Halikuonekana. Ama mashine haifiki huko,
ama mimi sijui kusoma.

Usiku nikamkuta jikoni, hajawasha taa,
anakula matobolwa yaliyobaki, moja moja,
kama mtu anayehesabu fedha zisizo zake.
Zamani ningetupa neno. Ninayo mengi ya aina ile.
Nikavuta kigoda, nikakaa.
Samahani ilikuja hadi kwenye meno
ikageuka namba, hamsini na nne, nikaimeza.

"Yamepoa," akasema.
"Nayapenda yakipoa." Uongo, naye anajua.

Akalisukuma bakuli.
Halikufika katikati. Nilipima kwa macho:
lilibaki upande wake, kwa upana wa kiganja.