Hesabu ya Goti la Kitsao

Nimefika Gongoni saa kumi na mbili unusu,
kabla chumvi haijaanza kuturudishia jua usoni.
Nina fomu, penseli, futi ya kamba,
na saa ya marehemu baba, inayochelewa.
Leo sitaitumia. Nimeazima ya Nyevu.

Kipande kibovu ni hiki: mataruma tisa
yaliyoliwa na maji ya bwawa la nne,
reli imebonyea kama kitanda cha wageni.
Watu sita watakiinua kwa mitaimbo
huku garimoshi la chumvi likienda na kurudi,
injini moja, mabehewa kumi na moja,
breki zake za kubembelezwa.

"Weka mlinzi mmoja na filimbi," asema mnyapara Ngowa.
"Mwaka jana tulifanya hivyo, na hakufa mtu."
Hakufa mtu. Neno hilo naliandika pembeni,
si kwenye kisanduku cha ushahidi.

Nawapanga. Nikipuliza, toka njiani na chombo chako,
simama pale penye chokaa.
Dhahabu: sekunde sita, na kicheko juu yake.
Mwagandi: nne! Karuka kama panzi,
mtaimbo kauacha umelala juu ya reli.
Namrudisha. Pamoja na mtaimbo: saba.
Mwisho Kitsao.
Goti lake lilivunjwa na gunia
mwaka ambao hakuna aliyejaza fomu.
Anainuka kwa awamu,
kama mtu anayekunjua meza ya kukunja,
mguu huu, kisha ule, kisha mkono juu ya paja.
Kumi na nne.

"Huyo mtoe kwenye hesabu," Ngowa aninong'oneza.
"Chukua wastani."
Bwana Ngowa,
wastani haujawahi kugongwa na treni.

Kumi na nne za goti.
Ongeza kumi za kusimama kando, pumzi imetulia,
kabla kishindo hakijafika.
Injini hula mita saba kila sekunde.
Saba mara ishirini na nne:
mia na sitini na nane.

Navuta kamba hadi konani, kwenye mathenge.
Mia na kumi.
Baada ya hapo ni miiba, na nyuma ya miiba ni imani.
Mita hamsini na nane hazipo.

"Tuyafyeke." Mathenge ukiyafyeka Jumatatu
Ijumaa yanakuamkia.
"Basi mlinzi wa pili, konani, na bendera."
Namtuma Nyevu. Sasa ni saa tatu,
chumvi imeamka, mabwawa yote ni mabati mapya.
Nyevu anapunga: naona mkono, rangi siioni.
Anapuliza: kusi inaipokea filimbi
inaipeleka Marereni
kwa watu ambao hawakuiagiza.

Naandika: njia ifungwe.
Swichi ya bwawa la pili itiwe kufuli,
bendera nyekundu kati ya reli,
saa nne hadi saa nane injini ilale.

Ngowa ahesabu kwa vidole: safari tatu,
mabehewa thelathini na matatu, simu ya meneja,
ada ya mwanawe wa kidato cha pili.
Simlaumu. Naye ana fomu yake,
haina kisanduku cha goti.
Saini yake inatoka imepinda,
lakini imetoka.

Kufuli moja, ufunguo mmoja.
Mwagandi ananyosha mkono, maana yeye ndiye mbio.
Nampita.
Nautia katika mfuko wa shati la Kitsao,
nakifunga kifungo kwa mkono wangu.
Asipotoka yeye, njia haifunguki.

Anaupapasa, hasemi kitu.
Anachukua mtaimbo, anaanza kuinama,
mguu huu, kisha ule.
Saa ya Nyevu nimemrudishia.